Nilitetemeka Baada ya Kupasuliwa, Wakasema Ni Arosto

Admin, nifichie jina, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, kwetu Magogoni. Nina mtoto mmoja wa kike. Ana siku ishirini na tatu, na siku kumi na moja sijamshika.

Sitaficha, nilivuta unga nikiwa msichana. Niliacha, huu mwaka wa tano. Mume wangu alinioa akijua, na mamake alijua. Wallahi sijarudi hata siku moja.

Mtoto alikaa vibaya tumboni, nikapasuliwa. Niliporudishwa wodini nikaanza kutetemeka, meno yagongana, kitanda chalia, hata mtoto nashindwa kumpokea. Mamamkwe alikuwa ameketi hapo. Nesi akasema wengi huwa hivyo baada ya upasuaji, akaja na sindano. Nikamshika mkono. "Sista, hiyo dawa gani? Mimi zamani nilitumia unga."

Akanijibu kwa upole, "Ni pethidini, jamii moja na mofini. Ni kidogo tu, ya kutuliza huo mtetemeko. Umefanya vyema kuniambia, ngoja nimuulize daktari tena." Akaenda, akarudi, akanichoma. Dakika chache nikatulia, nikalia. Na hili sijamwambia mtu: lile joto, mwili wangu ulilikumbuka. Niliogopa sana. Lilipoisha nilimshukuru Mungu, na sijalitafuta.

Mamamkwe aliyasikia yote hayo. Tukaenda kwake Jomvu Kuu nikalelewe arobaini yangu. Siku ya kumi na mbili titi likavimba, homa ikanipanda, nikatetemeka tena. Akaingia, akamtoa mtoto kifuani pangu.

"Hii arosto naijua. Kaka yangu alitetemeka hivi hivi akikosa unga, hadi nikamzika. Kule hospitali walikupoza kwa dawa ya mateja, sasa imekwisha."

"Mama, ni titi. Lishike uone lilivyo moto."

"Mjukuu wangu hanyonyi unga. Nenda kwenu."

Wifi yangu yuko mlangoni, acheka: "Kwani teja hustaafu?"

Nikarudi kwetu bila mtoto, nikaenda zahanati nikapewa dawa ya titi, siku mbili homa ikatoka. Nikamwonyesha mume wangu kadi ya zahanati, imeandikwa ni titi lililoingia uambukizo. Akaisoma yote, akainamisha kichwa.

"Mimi nakuamini, mke wangu. Lakini mama ashasema. Ingia kile kituo cha kuwaachisha mateja unga, miezi mitatu, mama aridhike, mtoto arudi."

"Nikatibiwe nisichoumwa?"

"Ni miezi mitatu tu."

Tu! Miezi mitatu maziwa yatakauka, na mwanangu atakuwa na mama mwingine. Sasa hivi nayakamua kikombeni nayamwaga, huku nasikia mtoto wa jirani akilia.

Mamamkwe simchukii. Aliyezika kaka, hofu yake naielewa. Mume wangu nampenda, ila siku hizi nikimtazama naona mtoto wa mamake. Ndugu zangu wasema niende ofisi ya watoto nimchukue kwa sheria, ndoa ikifa na ife. Nikiingia kituoni nitampata mtoto, lakini nitakuwa nimekubali mbele ya watu wote kwamba nilimnyonyesha nikiwa navuta. Siku moja watamwambia hivyo, naye ataamini, kwa sababu mamake mwenyewe alikubali.

Nishaurini, hasa nyinyi mlioacha na mkazaa. Nimpateje mwanangu bila kukiri nisilolifanya?