Kinanda cha Marehemu Anicet Kilikataa Transpose

Oyaa, video ninayo kwenye simu mpaka leo. Namba inabadilika yenyewe. Hakuna mkono!

Winter ya 2016, huku ughaibuni, kitongoji cha Columbia Heights. Mimi Ntwali nimeitwa interview ya ualimu wa muziki, shule moja ndogo kule New Hope. Nikiipata, naaga kubeba maboksi warehouse ya Shakopee. Mgongo ulishakwisha, jamani.

Mazoezi nafanyia kinanda cha marehemu Anicet, kiongozi wa kwaya yetu. Mjane wake, Mama Mukamana, ndiye alinipa.

Sasa, sisi wapiga kinanda wa kanisani tuna janja yetu. Tunajua key moja tu, C, vile vibao vyeupe. Muimbaji akianzia juu, unabonyeza kitufe cha transpose, mashine inapandisha sauti yenyewe. Kanisa linapiga vigelegele, we unaonekana profesa.

Nikaweka transpose tatu. Katikati ya wimbo sauti ikaporomoka, pwaa!

Naangalia namba kwenye kioo cha kinanda: sifuri.

Nikarudisha. Ikaporomoka tena. Na niko peke yangu, mchana kweupe, theluji dirishani.

Nikasimamisha simu, nikarekodi. Tatu... mbili... moja... sifuri. Taratibu, kama mtu anabonyeza kwa kidole.

Nikampigia dada Reine.

"Dada, kinanda kina mtu!"

"Kina mtu ao kina mavumbi? Weye na mashetani yako! Interview ni Ijumaa. Piga kinanda."

Kinanda kingine sina. Ikabidi nijifunze vibao vyeusi, nipandishe sauti kwa vidole vyangu mwenyewe. Na kila nikipatia, chumba kinapoa, kama mtu anashusha pumzi nyuma ya shingo yangu.

Ijumaa wakanikalisha kwenye piano ya mbao. Mbao tupu! Haina kitufe hata kimoja. Mkuu wa shule akaleta watoto waimbe, wakaanzia wanapotaka wenyewe.

Nikawafuata. Vyeusi, vyeupe, vyote.

Kazi nikapewa pale pale.

Nikiwa bado parking, nikampigia Mama Mukamana, nalia. "Mama, mzee amenifundisha! Alikuwa anachukia transpose, eh?"

Akanikatiza.

"Mutoto wangu, Anicet achukie? Alipiga C maisha yake yote. Kazi ya hiyo shule aliiomba yeye kwanza. Wakamuweka kwa ile piano ya mbao. Alirudi hapa, hakugusa kinanda tena mpaka tukamuzika."

Nilikaa chini kwenye theluji, na suti yangu.

Wenzangu, anayekusumbua si lazima anataka kukutisha. Huenda anakuzuia usianguke pale alipoanguka yeye.

Na nyie wapiga kinanda wa kanisani, mnajijua. Jifunzeni vibao vyeusi mkiwa hai.