Tone Jekundu Nyuma ya Kioo

Sogeza kiti, unisikilize kidogo. Kama una stirio ya zamani nyumbani, ile yenye kisanduku cha mbao na kioo kirefu cheusi mbele, chenye namba za stesheni na mshale wake, ipo siku utaiwasha, itaimba vizuri, lakini kioo kitabaki giza. Usihangaike. Redio haijafa. Ni balbu za nyuma ya kioo ndizo zimeungua. Nimebadilisha nyingi katika kibanda changu cha Temeke, na kazi yenyewe si ngumu, hata wewe utaiweza. Ila nitakueleza pamoja na habari ya bibi mmoja, maana nikimwacha yeye nitakuwa nimekufundisha nusu.

Balbu zile ni ndogo kama punje ya hindi, na ndani zina waya mwembamba unaowaka kwa joto. Miaka ile serikali ilipoifungua biashara ya nje, Kariakoo ikajaa redio-kaseti mpya, lakini balbu za stirio za zamani hukuzipata kwa dawa. Kilichokuwapo ni LED, vile vitaa visivyopata moto, tulivyoving'oa kwenye redio-kaseti zilizokufa. Nyekundu zilikuwa tele. Kijani, mpaka uzitafute. Za manjano, bahati yako. Nyeupe hatukuwa tumeziona kabisa.

LED haichomekwi tu mahali pa balbu. Inataka umeme kidogo, tena wa kwenda upande mmoja, kwa hiyo unaitangulizia rizista ya kuupunguza na dayodi ya kuuzuia usirudi nyuma. Halafu mwanga wake huenda mbele moja kwa moja kama wa tochi, ukaangaza namba mbili na kuacha nyingine gizani. Dawa yake ni msasa. Unasugua kichwa chake taratibu mpaka kiwe na ukungu, na mwanga unatawanyika kioo kizima. Ukikosea mara ya kwanza, rudia. Sote tuliunguza kadhaa.

Bibi alikuwa wa mtaa wa pili, mjane, mtu wa Lindi. Stirio ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi bandarini. Aliileta juu ya mkokoteni, imefungwa khanga kama mtoto mgonjwa. Balbu zote zilikuwa zimeungua. Siku hiyo mezani palikuwa na stirio ya baa moja ya Sinza, nimetoka kuiwekea taa nyekundu, na bibi akasimama kuitazama.

"Hii imepakwa hina," akasema. "Na yangu ipake hiyohiyo. Mie ndiye mjane, redio yangu si mjane."

Tulicheka, nikaipaka. Nikapuliza vumbi la ndani, nikaipitishia brashi, nikafuta mbao kwa kitambaa. Ndivyo nilivyofanya kwa kila redio, na majirani walikuwa wakinitania kwamba kwangu redio haitengenezwi, inakogeshwa. Bibi aliiona inawaka, akaniombea dua, akaondoka nayo.

Miezi ikapita. Kila alipopita njiani nilimwamkia, nikamuuliza kama redio inaimba. "Inaimba, mwanangu," alijibu, na kweli ilikuwa inaimba.

Siku moja akaja na pasi iliyokatika waya. Uso wake ulikuwa umesinyaa. Nikamuuliza kulikoni, akasema amefiwa na kaka yake kule Lindi. Nikampa pole, nikauliza mazishi yalikwendaje. Hapo akavuta kigoda, akakaa.

Unajua, siku zile simu ilikuwa ya maofisini. Mtu akifariki, jamaa walikwenda kumtangaza redioni, katika stesheni ya taifa, kisha wakakaa matangani wakiamini kwamba aliye mbali amesikia. Kaka yake bibi alikuwa ameugua muda mrefu, na kwa ajili hiyo bibi hakuwa akikosa matangazo ya vifo hata siku moja. Lakini kusoma hakujua. Mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa amefungua redio akadondosha tone moja la rangi ya kucha, nyekundu, ndani ya kioo mahali pa stesheni ile. Kioo kikiwaka, bibi huzungusha kitufe mpaka mshale ukae juu ya tone. Basi.

Nilipomrudishia redio, tone halikuonekana. Akawa anapapasa. Na stesheni mpya zilikuwa zimeanza, kila anapogusa ni muziki. Siku nyingine aliipata ile ya taifa, siku nyingi aliikosa. Kaka akafa, akatangazwa, matanga yakakaa yakimngoja dada wa marehemu, yakaanuliwa. Habari aliletewa na msafiri, khitma imeshasomwa.

"Sasa watoto wa kaka yangu wananikaribisha kama mgeni," akasema. "Wanasema nilisikia nikanyamaza."

Nikamuuliza kwa nini hakurudi kwangu mara ile ile.

"Nilijua umelifuta. Wewe huachi uchafu. Nije kukusuta kwa usafi wako?"

Nilimwambia sikuligusa tone hilo wala sikuwahi kuliona, kwa kuwa redio ilinifikia ikiwa giza. Tukaenda kwake. Nikafungua mfuniko, nikamulika nyuma ya kioo kwa tochi, na tone likatokea, jekundu vilevile. Nikamweleza: taa ikiwa nyekundu, kioo kizima huwa chekundu, na tone jekundu humo ni kama mtu mwenye kanzu nyeupe msikitini siku ya Ijumaa. Yupo, lakini utamtambuaje?

Bibi akainama kulitazama. "Kumbe lilikuwepo," akasema. 

Taa za manjano nilizing'oa kwenye redio yangu mwenyewe, nikamfungia jioni ileile. Tone likaonekana, limekoza kidogo kuliko zamani. Akazungusha mshale mpaka ukakaa juu yake. Walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Akasikiliza majina ya watu asiowajua, mpaka la mwisho, mikono imepumzika juu ya redio, kisha akaniomba nizime.

Alama nilimrudishia. Matanga hayarudishwi, na maneno ya wale watoto yalibaki vilevile mpaka alipohama mtaa.

Kwa hiyo, kabla hujalehemu, fanya hivi. Shika taa mpya kwa mkono nyuma ya kioo, iwashe, mwite mwenye redio. Muulize kama kuna kitu alichozoea kukiona hapo na sasa hakioni. Ngoja ajibu, ndipo ulehemu.