Ndege Iliyorudi Nyepesi

Mjini Nyeri, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, wanakwaya waliyaogopa masikio ya Warigia kuliko walivyomwogopa mchungaji. Mama huyu alikuwa na kibanda cha kunakili kaseti karibu na soko, chembamba hivi kwamba mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kwaya za kutoka Othaya hadi Karatina zilimletea nyimbo zao. Alisikiliza mara moja tu, akavua hedfoni, akasema, "Huyu wa sauti ya pili ako na homa. Mrudie akipona." Nao walirudia, maana kubishana na Warigia juu ya sauti kulikuwa kujitafutia aibu bure.

Jambo moja hawakulijua. Warigia aliogopa ndege. Siyo ndege wa mitini, hao aliwamwagia mahindi kila asubuhi, bali ndege za injini. Ikisikika moja juu ya mji ikielekea Nanyuki, aliangusha kitu makusudi, kalamu au kifuniko cha kaseti, apate sababu ya kuinama chini ya meza. Alipoinuka, ndege ilikuwa imeshapita. Kwa miaka mingi wateja walidhani kwamba mama yule ana mikono milegevu.

Basi mtu na afikirie hali yake siku Phyllis, binti yake wa pili, alipofika nyumbani akiruka kwa furaha. Phyllis alikuwa karani wa kampuni moja ya kusafirisha watalii kwa ndege ndogo huko Nanyuki, na kampuni ilikuwa imekubali kumfunza urubani. Warigia alisema hongera. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akashika mti wa parachichi kwa mikono miwili mpaka akaweza kurudi ndani.

Kumkataza hakuweza. Kwa desturi ya Wagikuyu, binti wa pili hupewa jina la bibi aliyemzaa mama, na mama naye humwita binti huyo "Maitu," yaani mama yangu. Ndivyo Warigia alivyomwita Phyllis tangu akiwa mchanga wa kubebwa. Sasa mtu atamkatazaje mamake?

Phyllis alikuja pia na kompyuta kuukuu ya ofisini, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege, wa kujifunzia. Unarusha yako, na kompyuta yenyewe inarusha nyingine: zinapaa, zinatua, zinakukata njia. Phyllis alikaa hapo kila Jumapili baada ya kanisa, akilalamika.

"Mami, hebu sikia hizi za kompyuta. Zote zinalia sawa! Ikuwe mbali, ikuwe karibu, ni ile ile tu, ka mashine ya kusaga unga. Nikiwa chini nangoja kupaa, siwezi jua ni gani inakuja."

Warigia alikuwa jikoni akipondaponda irio, mgongo umemfa ganzi kwa kelele zile. Maneno yakamponyoka.

"Hizo si ndege. Ndege ikiwa na mzigo inalia na kifua. Ikirudi bila mzigo inalia na pua."

Phyllis akageuka. "Ati nini? Umejulia wapi, Mami?"

Warigia akaupiga mwiko kwenye sufuria, akasema chumvi imeisha.

Alijulia Tetu, ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, mwaka wa hamsini na nne, akiwa na miaka sita. Baba yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji wenzake wa uhuru, na ndege za Mzungu zilipita juu ya kijiji kwenda kuwamwagia mabomu. Mama alikuwa akiwalaza watoto kifudifudi sakafuni, mkono wake juu ya migongo yao, na wote wakasikiliza. Ndege zilikuja nzito. Kisha ardhi ikatingishika. Kisha zikarudi nyepesi, na mama akanong'ona, "Imemwaga." Siku moja mama aliinuka kabla ya kelele kwisha, akaketi na kujifunika kanga kichwani, akasema ile ya mwisho imerudi nyepesi sana. Baba hakuonekana tena, wala hakuna aliyewaonyesha alikolala. Hivyo ndivyo Warigia alivyopata masikio yale ambayo Nyeri nzima iliyasifu. Alipewa na hofu, na hofu yenyewe haikuwahi kuondoka. Sasa ilikuwa na neno moja tu la kusema, usiku na mchana: kilichomchukua baba kitamchukua na huyu.

Phyllis hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba mchezo ule ulikubali sauti nyingine ukizirekodi mwenyewe, na kwamba mama yake ndiye fundi wa kurekodi. "Ukuje na redio kaseti yako na maiki, Mami. Tutarekodi ile ndege yetu ya mafunzo ikipita, halafu tuingize kwa kompyuta." Kukataa kungetaka maelezo. Warigia akaona afadhali ndege kuliko maelezo.

Jumamosi ya kwanza alirudi na kaseti yenye sauti ya nyasi tu, kwaru kwaru, na mtu akihema. Ndege ilipokaribia alikuwa amelala kifudifudi na maiki chini ya tumbo, hata hakukumbuka alivyofika chini. Alimwambia Phyllis kwamba upepo wa Nanyuki ni mbaya. Phyllis akaamini, kwa sababu hakuwa amewahi kusikia mama yake akikosea kurekodi.

Jumamosi ya pili Warigia alijipanga. Kama kulala ni lazima, alijiambia, basi nitalala kwa mpango. Alifunga maiki juu ya nguzo ya ua, akatandaza leso nyuma ya kichuguu kando ya kiwanja cha ndege, akavaa hedfoni. Mwalimu wa Phyllis, Kapteni Gatimu, mwanamume mnene mwenye kicheko, alimpungia mkono kutoka kwenye ndege. "Mama Phyllis, leo tunazunguka tu hapa hapa! Wewe rekodi!" Kisha akaingia, na ndege ikazama kidogo upande wake. Warigia akalala, akafumba macho, akabonyeza kitufe.

Mzunguko wa kwanza ndege ilipita na kifua. Jasho lilimtoka lakini masikio yakafanya kazi yao: watu wawili, mmoja mzito. Mzunguko wa pili vilevile. Wawili. Akaanza kuhesabu pumzi. Alisikia ikitua mbali, mwisho kabisa wa kiwanja, injini ikanguruma polepole mahali pamoja kwa muda. Kisha ikakaza tena, ikapaa, ikaja kuelekea kwake.

Ilikuja nyepesi.

Warigia hakuwa na shaka hata chembe. Ilikuwa imeacha ardhi mapema mno, na ilikuwa ikilia na pua. Wawili walikwenda na sasa ni mmoja anayerudi. Imemwaga. Akilini aliuona mlango ukifunguka huko angani, akaona kitambaa chekundu alichojifunga Phyllis asubuhi ile, na miaka arobaini na minne yote ikamshukia mgongoni kwa pamoja.

"Maitu!" alipiga ukelele. "Maitu-ii!"

Akainuka. Tangu Tetu hakuwahi kusimama wima chini ya ndege, na sasa hakusimama tu, alikimbia, waya wa hedfoni ukakatika, leso ikabaki, akavuka ua na kuingia katikati ya kiwanja, akiita na kutazama nyasi kama atamwona ameanguka mahali. Ndege ilikuwa imezunguka na sasa inashuka kutua, pua imemwelekea yeye. Aliona magurudumu. Miguu ikakataa.

Injini ikapiga kelele, ndege ikanyanyuka, ikapita juu ya kichwa chake kwa upepo uliompeperushia kilemba. Hapo ndipo mikono minene ilipomkumba na kumvuta kando.

"Mama! Umerukwa na akili? Toka kwa njia!" Alikuwa Gatimu, anahema, amekimbia kutoka mwisho wa kiwanja.

Warigia akamshika kola ya shati. "Wewe uko hapa? Mtoto wangu ako wapi? Umemwangusha wapi?"

"Kumwangusha nani? Mimi ndio nimeshuka! Pale mwisho, nimemwachia ndege. Ni solo yake ya kwanza, mama, anarusha peke yake! Huwa hatuwaambii mapema, wanaogopa." Akaangalia juu, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Na wewe karibu umuue."

Warigia alisimama hapo akimwangalia binti yake akizunguka peke yake chini ya mlima. Hakulala. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na sasa aliogopa vitu viwili, ndege na yeye mwenyewe. Phyllis alizunguka, akashuka, magurudumu yakagusa ardhi, yakaruka kidogo, yakatulia. Aliposhuka alimkimbilia mama yake.

"Mami, ungenifanya nikugonge!" alisema, kisha akalia. Ikabidi Warigia amweleze palepale nyasini. Alimweleza habari za Tetu, mkono wa mama mgongoni, na neno lile, imemwaga. Gatimu alisogea mbali, akajifanya anakagua tairi.

Redio kaseti ilikuwa imeendelea kurekodi. Nyumbani Warigia alisikiliza, akaigawa sauti sehemu tatu: inakuja, iko juu, inaenda. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, isipokuwa ule ukelele. Ulikuwa umekaa hasa pale ndege inapokuwa nyepesi. Alijaribu kuukata mara nne, na kila mara sauti ya injini ilikatika nao.

"Wacha tu," Phyllis akasema. "Hapo ndio nilikuwa peke yangu. Ukikata hapo unanikata mimi." Kisha akauliza, "Lakini ulikuwa unaita nani, Mami? Mimi ama cucu, mama yako?"

Warigia akarudisha kanda nyuma, akausikiliza tena ule ukelele, na bado hakujua.

Wakauacha. Toka siku hiyo, kila ndege iliyorushwa na kompyuta ilipompita Phyllis karibu, ilikuja na kifua na kwenda na pua kama inavyotakiwa, na chini ya injini, mbali, kulikuwa na mwanamke anayeita Maitu. Phyllis aliitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. "Niko." Warigia alikuwa akisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka alisikie neno hilo, ndipo akaendelea kupika.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa Phyllis alipata leseni ya kubeba abiria, akapelekwa kurusha watalii kwenye mbuga ya Mara. Kompyuta ilibaki mezani. Jumapili ya kwanza bila yeye, Warigia alirudi kutoka kanisani, akaiwasha kama alivyokuwa ameonyeshwa, akaketi kwenye kiti cha Phyllis bila kugusa kitu. Ndege ya kwanza ikaja, nzito, ikapita juu, ikawa nyepesi. Ile sauti ikaita, na safari hii aliisikia vizuri, akaona kwamba si sauti ya mama mwenye kibanda. Ilikuwa ya mtoto wa miaka sita.

Hakukuwa na mtu wa kuitikia.

"Niko," akasema.