Usiku wa Kupima Betri

Usiku ule Immakulata hakupata usingizi. Kutoka dirishani kwake, pale Buganguzi, aliliona paa la chumba cha kusomea cha kigango, ng'ambo ya migomba. Mle ndani vishikwambi sita vya kuazimisha vilikuwa vimeachwa mezani vikiwaka tangu saa tatu, ili betri zao zipimwe. Ta Protase, mtunza chumba, alikuwa amefunga mlango akaondoka na ufunguo. Ambacho kingekutwa kimezimika saa kumi na moja alfajiri kingerudishwa Bukoba, na aliyekiazima asingepewa kingine.

Cha Immakulata ndicho kilichobeba vitabu vyote vya binti yake Evelyne, aliyefeli kidato cha nne na sasa alikuwa akijiandaa kurudia mtihani akiwa nyumbani. Ilibaki miezi miwili.

"Mama, lala," Evelyne alisema gizani. "Betri haiongezeki kwa kuwaza."

"Lala wewe. Mwenye mtihani ni wewe."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka wa kwanza alikiharibu kwa kukipenda mno. Masika yalipoingia na kila kitu kikaanza kuota ukungu, alikifunga kitambaa akakiweka kwenye kichanja cha juu ya moto, palepale anapohifadhi mbegu za maharage. Kweli hakikupata unyevu, lakini chaji iliyokuwa ikimaliza siku nzima ikawa haifiki adhuhuri. Akakipeleka Bukoba kwa fundi Mujuni. Fundi alikinusa, akacheka mpaka machozi.

"Ma Immakulata, umekikausha kama senene! Joto ndilo linaloua betri."

Akamwekea betri nyingine, ya mwisho aliyokuwa nayo. "Hii usiiache iishe kabisa, wala usiilaze kwenye umeme ikiwa imejaa. Ikishuka hadi asilimia ishirini, chomeka. Ikifika themanini, chomoa. Na ikae pa baridi."

Immakulata, aliyeishia darasa la saba, aliyashika maneno yale kama katekisimu. Wenzake walioazima waliacha vyao kwenye kibanda cha kuchajia cha Avit vikachajiwa usiku kucha. Yeye alikwenda asubuhi, akakaa kwenye kopo la rangi, macho kwenye namba.

"Mama, unaatamia?" Avit alimtania. "Kitaanguliwa lini?"

"Siku utakayofunga mdomo." Akachomoa, akaenda zake.

Miaka miwili alifanya hivyo bila kukosa. Nyumbani kishikwambi kilikaa kwenye kikapu chumbani, mbali na jiko, na aliyekisahau juani alisikia maneno yake mpaka jioni.

Saa kumi na moja kasoro alikuwa mlangoni pa chumba cha kusomea, khanga imelowa umande. Wenzake walikuja mmoja mmoja. Chini ya mlango palikuwa na mwanga hafifu, na kila mmoja aliutazama kana kwamba ni wake.

Ta Protase alifika akikohoa. Ufunguo ulikwama kidogo. Akaunyanyua mlango kwa bega, akasukuma.

Vioo vinne vilikuwa vyeusi. Cha tano kilikuwa kinakata roho, asilimia mbili. Pembeni, kwenye ukurasa wa kitabu cha biolojia wenye moyo na mishipa yake, kilimeremeta cha Immakulata: thelathini na moja.

Kigelegele chake kilivuka migomba hadi kitandani kwa Evelyne, na mlango ulikuwa bado haujamaliza kufunguka.