Mgeni wa Sweta ya Mistari

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Lakini haya yalitokea kweli, nyumbani kwetu juu ya Nyeri, pale mashamba yanapokutana na msitu, miaka michache baada ya uhuru.

Siku hiyo wakwe wa kaka yangu Ndiritu walikuwa wanakuja kutoka Kiriaini kuona itara. Itara ni ule uchaga wa kukaushia kuni juu ya meko, lakini ukweli ni kwamba wanakuja kupima kama binti yao atashiba kwenu. Wasiporidhika, hakuna ndoa. Mama alipika tangu alfajiri.

Mchana ukungu ukashuka. Tukasikia mluzi msituni, milio mitatu inayopanda, halafu akatokea mtu. Sweta ya mistari kifuani, koti la kahawia linaloburutwa nyuma. Hakusalimu. Aliingia jikoni moja kwa moja, akainua macho, akaitazama itara.

“Huyu ametumwa mbele atupime,” Mama akanong'ona. “Msimuulize jina. Mpeni chakula!”

Ninyi mngefanyaje? Alimaliza irio, akafungua mdomo. Akamaliza njahi, akafungua mdomo. Niaminini, ndani ulikuwa rangi ya chungwa! Mama, ambaye hanifikii begani, alipanda kigoda ili amlishe vizuri. Chapati zikaenda. Mbuzi akaenda.

“Mama, sufuria zimeisha.”

“Nyamaza! Unataka kaka yako azeeke peke yake?”

Mgeni husindikizwa, kwa hivyo nikatumwa mimi. Ukingoni mwa msitu niligeuka kufunga lango. Kutazama tena, hakuna mtu. Kwenye tawi la mwerezi alikaa ndege wa kahawia, mkia mrefu, kifua cha mistari, akapiga mluzi uleule. Nilikimbia hata kiatu kimoja kikabaki huko.

Wakwe wakafika na njaa yao. Baba akanisukuma mbele. Ikabidi niseme mimi, ambaye hata kanisani sijawahi kuomba kwa sauti. Nilieleza yote. Ndiritu alifumba macho.

Nyanyake yule binti akauliza, “Alimaliza na chapati?”

“Zote, cucu.”

“Na mama yako akaendelea kumpa?”

“Mpaka akapanda kigoda.”

Akawageukia wenzake. “Watu wanaomlisha hivi mtu wasiyemjua, mtoto wetu atakufa njaa kwao? Leteni viazi tuchome.”

Ndiritu alioa. Askari wa msitu aliniambia yule ndege ni kekeo wa milimani. Wengi humsikia, wachache wamemwona, naye hutaga mayai katika viota vya ndege wadogo ili wamlelee watoto. Nikamwambia mimi nimemwona akila chapati. Tangu hapo hanisalimii. Naye Mama, mluzi ukilia, hufunga jikoni kwanza ndipo aombe.

Kwa hivyo mgeni akija bila salamu, muulize jina kabla ya kupakua. Na kama amewahi kula kwenu, tafadhali niandikieni. Hapa kijijini wanasema ni mimi niliyemla yule mbuzi.