Ponti Yenye Kutu

Juzi huko Murara, hapa Goma, kwa wauza vyuma vya magari makuukuu, nilimkuta dereva wa pikapu akichagua ponti ya nyuma, kile chuma kizito kinachobeba gari na kuzungusha magurudumu. Alikuwa ameiinua pikapu yake na kuivika matairi makubwa kwa ajili ya barabara ya Kalengera, na ponti ya zamani ikavunjika kwa kulemewa.

Mkono wake ulikuwa tayari juu ya moja iliyopakwa rangi ikang'aa. Muuzaji akaigusa kwa mguu ile ya pembeni, yenye kutu.

"Papa, kamata hii. Inatoka kwa ile kamioneti ya bluu ya papa mumoja wa Munigi."

Mama mmoja, abiria aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake la chumvi akingoja pikapu ipone, aliinuka.

"Ile gari ya bluu? Si njo ilitubebaka siku ya volkano, tukikimbia moto! Na wakati wa vita tena. Batu mpaka juu ya kabine, na haikuvunjika."

Akainama, akaweka kiganja juu ya kutu, akasema taratibu kama anayemsalimu mkwe: "Aksanti, muzee."

Hakuna aliyecheka. Dereva akaondoa mkono kwenye ile ya rangi.

Siku zote nimewacheka Wafaransa kwa uvivu wao wa maneno: chuma hiki wanakiita pont, na daraja nalo pont. Nimekoma. Sisi wa Goma tunajua tulivuka juu ya nini.