Albamu Tuliyoiimbia Kreta Nzima

Naona aibu kusimulia hii, lakini kwa kuwa Karatu nzima mmeshaiona ile video na kila mtu anaieleza anavyotaka, bora niieleze mimi niliyekuwemo.

Mimi Sulle mnanijua, ni dereva wa watalii na kazi yangu naiweza (hilo hawabishi hata wanaonicheka). Basi bosi akanikabidhi mgeni mmoja, mzee Anders kutoka Ulaya, magoti mabovu, maneno machache, amekuja Ngorongoro mara ya tatu kwa jambo moja tu, kumwona faru, na safari mbili za kwanza alimkosa. Akaniambia hii ndiyo ya mwisho, daktari amemkataza nyingine. Na mimi na mdomo wangu huu nikamjibu, "Mzee, umepata dereva. Nikishuka mimi kreta, faru anajileta mwenyewe."

Tukazunguka asubuhi nzima, simba tukaona, tembo tukaona, nyati mpaka wakatuchosha, faru hakuna. Mzee kimya, darubini mkononi, na ule ukimya ukanibana, nikasimamisha gari karibu na msitu wa Lerai nikasema ngoja nimpigie muziki apoe. Gari letu la zamani, bado linachukua kaseti, na kaseti yangu ni moja tu, albamu ambayo marehemu baba aliachiwa na mzungu wa shamba la kahawa kule Oldeani miaka ya themanini, vijana wenye nywele ndefu, magitaa yanalia, lakini sauti zimepangwa tamu kama kwaya ya Jumapili. Sasa kile kipaza cha redio ya upepo (ile ya madereva kuulizana wanyama wako wapi) waya wake ulikuwa unaning'inia mbele ya tundu la kaseti, nikakishusha, nikakilaza kitini katikati yetu, na ili kisidondoke nikakiwekea juu ule mfuko wa maharage ambao mzee hulazia kamera yake. Ndugu zangu, balaa lote lilianzia hapo.

Wimbo ulipoanza mzee akageuka utadhani kaitwa jina. "Umeipata wapi hii?" Kumbe bendi ile ni ya mji wa kwao! Ilitoa albamu hiyo moja, kampuni ikafa kabla haijaenea madukani, watu wakaisahau, na yeye aliisikia ujanani akaitafuta mpaka mvi zikamwota. Akaanza kuimba. Mimi niliyekulia kwenye kaseti hiyo nikaingia sauti ya pili (maneno nabahatisha, lakini sauti ninayo), tumefunga vioo kwa ajili ya vumbi, tunapiga dashibodi, na redio ya upepo ikawa kimya kabisa, nikajisemea afadhali, leo wamechoka kupiga kelele. Katikati ya nyimbo nikamweleza mzee, kwa Kiingereza safi, kwamba madereva wengine hapa hawajui kitu, wakiona nimesimama wanakuja kama nzi. Mbele kule magari yakaanza kutuwashia taa. Nikawapungia mkono.

Mara rafiki yangu Akonaay akaja kwa mwendo usioruhusiwa mle ndani, akasimama ubavuni, akaniashiria nishushe kioo, akachungulia ndani.

"Wee Sulle! Toa huo mfuko juu ya kipaza! Kreta nzima tunakusikiliza wewe!"

"Mnanisikiliza vipi?"

"Kitufe cha kusemea umekibana, bwana! Tunakuita husikii, sisi wenyewe hatusikiani, ni nyimbo zako tu! Faru kasimama nyuma ya gari lako mpaka kachoka, kaingia zake msituni!"

Nikageuka. Kinyesi kibichi kabisa, karibu na tairi la nyuma. Mzee naye akakiona. Akaizima kaseti taratibu, akaweka mikono juu ya magoti yake. Roho iliniuma, jamani, nisiwafiche.

Kwenye bwawa la viboko, tunakolia chakula cha mchana, nilitaka nibaki garini lakini mzee alihitaji kwenda msalani. Tuliposhuka tu, wageni wa magari yote wakatuimbia kiitikio, wamekishika chote, na dereva mmoja akapaza sauti, "Nzi tumefika, mkuu, tutue wapi?" Hata paja langu la kuku likachukuliwa na mwewe.

Ndipo mama mmoja, mgeni wa Akonaay, akamsogezea mzee simu yake. Faru mzima, pembe mbili, masikio yanacheza, mbele yake gari letu na vichwa viwili vinatikisika, na wimbo unatokea kwenye redio ya Akonaay. Mzee akatazama, akaomba kurudiwa, akaomba tena, machozi yakamtoka, nikajua kazi sina.

"Watu waliisahau albamu hii," akasema. "Yeye kasimama kuisikiliza." Akacheka, akanishika bega.

Lakini jioni tukipanda kutoka kreta alikuwa bado anageuka nyuma, anautazama ule msitu. Nikaitoa kaseti ya baba nikamwekea mkononi.

Faru simwahidi mtu tena, nimekoma. Kipaza nimekifunga kwa waya mahali pake. Kuimba sijaacha, maana sauti ninayo, ila kabla sijafungua mdomo naangalia kwanza kioo cha nyuma.